Mizani ya Bucha

Kati ya watoto watatu wa mbwa wetu, mmoja alikuwa na tumbo kama la landlord wetu: linaingia mlangoni kwanza, mwenyewe anafuata. Nilimcheka wiki nzima nikidhani ni maziwa. Halafu jioni moja nikitoka shule nikamkuta ametapika kitu kama tambi, na hiyo tambi ilikuwa inajikunja yenyewe.

Nilikimbia na uniform hadi duka la dawa za mifugo kule mtaa wa Satellite. Dada anayeuza alikuwa anafunga.

"Wako na umri gani?"

"Mwezi mmoja na kitu."

"Na hujawapa dawa ya minyoo? Mama yao huwapitishia wakiwa tumboni, halafu tena kwa maziwa. Unaanza wakiwa wiki mbili, na yeye pia unampa." Akanitolea chupa ndogo. "Hii inaenda na uzito. Ana kilo ngapi?"

"Ni mnono."

"Mnono si kilo. Na usikisie, utamuumiza. Tafuta mizani, ama uwalete wote kesho asubuhi."

Kwetu Kawangware mizani niliyoijua ilikuwa ya bucha. Nikaingia nimemficha huyo mgonjwa ndani ya sweta.

"Niaje, mzee. Nipimie huyu, sekunde moja tu."

Mwenye bucha aliangalia sweta. Sweta ikalia.

"Toka. Mtu akiona mbwa kwa mizani yangu, kesho nitamuuzia nani nyama?"

"Hakuna mtu ataona."

"Si ni wewe uliambia watu soseji zangu za mutura hubweka?"

Ni mimi. Niliisema kwa foleni ya maji, watu wakacheka vizuri, nikaenda kuirudia shule. Sasa nilikaza sweta, nikageuka kutoka. Wamama wawili walikuwa washasimama mlangoni, wanaangalia sweta.

Nyumbani nilimbeba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pakiti ya unga ya kilo mbili, nikijaribu kulinganisha. Mkono uliniambia hafiki hata kilo mbili, sikuuamini. Nikamrudisha kwa mama yake bila kumpa dawa. Hakunyonya.

Asubuhi nilipeleka wawili waliobaki kwa bag ya shule.

"Na yule mnono?" dada akauliza.

Nilimpa tu chupa. Ilikuwa bado haijafunguliwa. Akaifungua, akaanza kuwapima hao wawili bila kuniuliza tena.