Siku Nilipogusa Pangaboi la Ndege

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo nakunja mkono wa kushoto bila kupenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sijaoa, na nilijiona fundi. Shule niliacha darasa la nne. Nasema hivyo sio kwa aibu. Mashine zangu tatu za kusaga unazijua, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunipeleka benki au kunisomea karatasi. Lakini siku ile nusura nimuue bibi wa watu mchana kweupe, na kila nilichokuwa nakijua kilikuwa sahihi. Hapo ndipo nataka unisikilize.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mashine kwa Mzee Issa, mfanyabiashara pale Dongobesh. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, ya kuwasha kwa hendeli. Ninyi mnabonyeza kitufe, hamjui. Hendeli unaizungusha kwa nguvu za kifua, na dole gumba unaliweka upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie chuma, maana injini ikiirudisha nyuma ghafla inavunja mkono. Mimi nilikuwa naiwasha asubuhi ya baridi, ukungu umejaa mpaka mlangoni, kwa mizunguko mitatu tu. Akina mama wakiwa kwenye foleni na debe zao walikuwa wanasema, "Bura ameongea nayo." Sifa kama hizo zinamharibu kijana, lakini ni tamu.

Mwenzangu pale mashineni alikuwa Paskali. Huyu kazi yake ilikuwa moja na yangu ila alikuwa mzito. Ukimwambia washa, anasema, "Ngoja kwanza." Anaangalia mafuta, anaangalia mkanda, anazunguka nyuma kuangalia kama kuna mtoto. Nikambatiza jina, Ngoja Kwanza, na soko zima likamwita hivyo.

Sasa Mzee Issa alikuwa amenunua mashine ya pili, anataka kuiweka kijiji cha Dirma, na alihitaji mtu wa kumkabidhi ufunguo akae nayo kule peke yake, awe ndiye mkubwa. Hakusema ni nani, ila mimi nilishamwambia mpaka mama yangu kwamba Dirma ni yangu. Nilikuwa naitaka ile mashine kuliko nilivyotaka mke.

Ndipo ikaja habari ya ndege. Marubani wa klabu moja ya mjini, watu wanaotunza ndege za zamani na kuzirusha siku za mapumziko, walitangaza watakuja Hanang kuzionyesha. Kiwanja kilikuwa kile cha nyasi kando ya mashamba ya ngano, ambacho ndege za kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea zilikuwa zinashukia. Mzee Issa alipenda injini kama wengine wanavyopenda mpira. Akatupakia mimi na Paskali kwenye pikapu alfajiri, tukateremka.

Tulikuta watu kama siku ya mnada. Waliotoka Gendabi, waliotoka Katesh, wachungaji wameambiwa waondoe ng'ombe kiwanjani, wakaondoa ng'ombe wakabaki wenyewe. Ndege zilikuwa nne. Iliyovuta watu ni moja ndogo ya njano, ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine kama ghorofa. Na mabawa yenyewe ni kitambaa, mwanangu! Kitambaa kilichowambwa na kupakwa rangi. Bibi mmoja wa Kibarbaig kutoka Gendabi, amevaa sketi yake ya ngozi na fimbo mkononi, aliligusa bawa akalipapasa kwa kidole.

"Hii ni ngozi," akasema.

"Ni kitambaa, bibi," rubani akamjibu.

"Basi mngeniita mimi niwawambie ya ngozi. Ngozi isingepasuka."

Watu wakacheka, na rubani naye akacheka. Alikuwa mzee, mvi mpaka kwenye nyusi, anaongea Kiswahili safi. Wenzake walimwita Kapteni. Alitukusanya mbele ya ile ndege ya njano akatuonyesha pangaboi lake la mbele, la mbao, linang'aa kama meza ya ofisi. Akasema, "Hili likiwa limesimama, ninyi mnaona limelala. Mimi nahesabu liko macho. Hakuna kuligusa, hata kama mimi sipo." Kisha wakaizungushia ndege kamba ya katani, akasema isivukwe. Kila mtu alisikia. Na mimi nilisikia.

Kisha wakaiwasha. Haina hendeli. Kijana wao alishika pangaboi kwa mikono miwili, Kapteni ndani anapiga kelele "swichi imefungwa", kijana analizungusha polepole mara mbili tatu, halafu "swichi imefunguliwa", analivuta kwa nguvu na kuruka nyuma. Injini ikaitika. Mimi nikamgusa Paskali kiwiko. "Umeona? Ni mashine ya kusaga hii. Wameipa mabawa tu."

"Ngoja kwanza," akasema. "Ile inakula petroli."

"Petroli, dizeli, injini ni pumzi."

Ikaruka, ikazunguka upande wa mlima, ikarudi ikapita juu yetu mpaka kofia zikashikwa. Ilipotua, ikasimamishwa pale pale ndani ya kamba, magogo yakawekwa kwenye magurudumu. Wakatangaza kwamba mchana itaruka tena. Kapteni akaenda kunywa chai na viongozi. Yule kijana wao akaenda kwenye ndege nyingine. Mzee Issa alikuwa hatua chache, anaongea na watu wa Katesh, uso wake umeelekea upande wetu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Anione. Aone kwamba mtu wa Dirma si wa kusaga tu, hata ndege anaielewa.

Nikainua kamba nikapita.

"Bura, ngoja kwanza," Paskali akasema.

"Kangoje Dongobesh," nikamjibu, na vijana wakacheka.

Nilitembea taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nikachungulia ndani, nikaona swichi imefungwa. Nikaja mbele nikashika pangaboi, dole gumba upande mmoja na vidole, vilevile ninavyoshika hendeli. Nilitaka nilizungushe polepole tu, nisikie pumzi ya injini, kisha niseme neno moja la kifundi kwa sauti. Mashine yetu ya dizeli ukiizima imezimika. Unaweza kuigeuza kwa hendeli kutwa nzima bila kuipa mafuta, haikufanyi kitu. Hicho ndicho nilichokijua, na kilikuwa kweli. Ila kilikuwa cha mashine nyingine.

Ile injini ilikuwa bado ya moto. Kumbe ndani ya swichi kulikuwa na waya umelegea, kwa hiyo ilikuwa imefungwa kwa macho tu, cheche zilikuwa bado zinafika kwenye injini. Nilipoligeuza lile pangaboi robo ya mzunguko, injini ikakohoa mara moja. Mara moja tu! Pangaboi likanitoka mikononi, likanipiga kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kile unachokijua hakikunji, likazunguka likasimama. Nikasikia kitu kimekatika, *ka*, nikajua ni mfupa wangu.

Haukuwa mfupa wangu. Nilipogeuka, yule bibi wa Gendabi alikuwa amesimama pembeni yangu, ndani ya kamba, ameshika nusu ya fimbo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye nyasi mbali kama hatua kumi. Alikuwa amenyoosha fimbo kuligusa pangaboi kama alivyogusa bawa. Angekuwa amenyoosha mkono, mwanangu, au angekuwa amesogea hatua moja, mimi nisingekuwa hapa nakuandikia, ningekuwa mahali pengine kabisa.

Bibi akaangalia kile kipande mkononi, akaangalia kile kwenye nyasi.

"Nimekuja na fimbo moja," akasema, "narudi na mbili."

Hakuna aliyecheka.

Kapteni alikuja bila kukimbia. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alimwondoa bibi kwanza, akamkalisha kivulini. Akanifunga kidole kwa kitambaa chake mwenyewe. Kisha akalipapasa pangaboi, akakuta fimbo imelimegua ukingo, akasema ndege hairuki tena leo. Watu waliotembea tangu usiku kutoka vijijini wakaambiwa basi, imekwisha. Walipokuwa wanapita mbele yangu kwenda kwao, wengine walinitazama, wengine hawakutaka kunitazama.

Kwenye pikapu tukaanza kupanda mlima kurudi Dongobesh. Mimi ndiye niliyeanza kuongea.

"Mzee, swichi ilikuwa imefungwa."

"Sijakuuliza swichi."

"Na yule bibi sikumwambia anifuate."

"Hukumwambia," akasema. "Alikuona unatembea kama mwenye nyumba. Watu wote pale walisikia kamba isivukwe, na yeye alisikia. Alipokuona wewe umevuka, akajua wewe unajua." Akabadilisha gia. "Kule Dirma akina mama watakuja na watoto mgongoni. Mkanda unapita hapa, usawa wa kiuno. Pale utakaposimama wewe, ndipo na wao watasimama. Kidole chako ni chako, Bura, kivunje upendavyo. Mimi nawaza viuno vya watu."

Jumatatu ufunguo wa Dirma akapewa Paskali.

Nililia, sikufichi. Nikataka kuacha kazi, niende hata machimboni. Nikawa nasema kila mahali kwamba kosa ni la waya, na ndege mbovu inaletwaje mbele ya watu. Na waya kweli ulikuwa mbovu! Ukitaka kujitetea hutakosa cha kusema, mimi sikukosa hata siku moja.

Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kutoka Gendabi. Kwa jirani zetu Wabarbaig, mwanaume akimkosea mwanamke, akina mama wenyewe wanakaa kikao chao na kumhukumu, na wanaume wanakaa mbali hawana sauti. Mimi si wa kabila lao, ningeweza kukataa. Mzee Issa aliposikia akasema neno moja, "Nenda."

Nikaenda nimeandaa hotuba. Petroli, dizeli, waya, swichi, vyote nilivipanga njiani. Nikawakuta wamekaa chini ya jua, wengi, na yule bibi katikati. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika. Nikasimamishwa. Mkubwa wao akaniuliza kitu kimoja tu.

"Wewe ulijua kile kitu kinaweza kuamka?"

Nikaanza. "Mama, mimi ni fundi wa injini, na swichi ikiwa..."

"Hatujui swichi. Ulijua au hukujua?"

Yule bibi akasema, bila hasira, "Mimi nilikufuata kwa sababu nilijua unajua."

Mwanangu, nimebeba magunia, nimezika mtoto, nimejenga nyumba ya matofali kwa mikono hii. Sijawahi kuinua kitu kizito kama neno nililosema pale.

"Bibi, sikujua."

Mmoja nyuma akasema, "Si ungesema kule kule kiwanjani," na wakacheka wote, na yule bibi akacheka kuliko wengine. Usifikiri kicheko kilinipunguzia adhabu. Ndama dume niliyekuwa namfuga kwa baba alikwenda, na asali ikaongezwa juu yake, na fimbo mpya ya yule bibi nikaitafuta mwenyewe msituni nikaichonga. Niliporudi Dongobesh nilimwendea Mzee Issa nikamwomba jambo ambalo wiki moja kabla ningelicheka. Nikamwomba anipeleke Dirma nikawe chini ya Paskali.

Nilikaa chini yake misimu miwili ya mvua. Asubuhi ya kwanza nilipokuwa naikaribia hendeli, mama mmoja akaniuliza, "Hii mashine mpya unaijua?" Nikasema, "Siijui, mama. Rudi nyuma kidogo mpaka Paskali aje." Akarudi nyuma, na wenzake wote wakarudi nyuma. Nikawaangalia walivyosogea na watoto wao mgongoni, hatua tatu, nne, kwa neno langu moja. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kile alichoniambia Mzee Issa kwenye pikapu, na ndipo nikaanza kuwa fundi.

Sasa nakupa nasaha waziwazi, maana sipendi mtu aondoke kwangu anabahatisha. Kujua mashine moja si kujua mashine zote, na aliyekusifia kwa ile moja hakukupa cheti cha nyingine. Usiogope kutokujua. Mimi sijui mambo mengi na nakula vizuri. Ogopa kutembea kama unajua, kwa sababu kuna mtu nyuma yako asiyejua kitu, amekuamini wewe, na ataweka mwili wake pale ulipoweka wako. Ukiulizwa, sema hujui, sema mapema, sema mbele ya watu, hata mbele ya wale unaotaka wakuone mkubwa. Ukichelewa utalisema tu, ila utalisema ukiwa umesimamishwa juani.

Mwenyezi Mungu ailinde mikono yako katika kila kazi utakayoishika, akupe ulimi mwepisi wa kusema "sijui", na awafikishe salama nyumbani wote watakaokufuata.