Fundi wa Bunju Aliyenizidi Mkono

Nachonga mpingo tangu ujana. Kwa hiyo Upendo, binti injinia wa jirani yangu, aliponionyesha kwenye simu picha ya mkono wa bandia, mweusi unaong'aa, sikumwacha amalize maelezo.

“Huo mpingo wa kwetu Lindi!” nikawatangazia wachongaji wenzangu. “Oneni vidole hivyo! Aliyeuchonga kanizidi. Hata akiwa mdogo kwangu, nampa shikamoo.”

“Lakini mzee wangu, huo si…”

“Nipeleke tu!”

Tukaenda karakana kwake Bunju, wenzangu wote nyuma. Akanipa ule mkono. Nikaunyanyua kwa nguvu za kunyanyulia mpingo, ukaruka ukanigonga kidevu. Mwepesi kama kiberiti kitupu!

“Ni nyuzi za kaboni,” akasema. “Tunazitoa kwenye baiskeli za mashindano zilizovunjika, tunazikatakata, tunachanganya na plastiki.”

“Na fundi?”

Akanionyesha mashine mezani. Ilikuwa inajenga kidole kingine, tabaka juu ya tabaka, bila kutetereka hata kidogo. Mie mwenyewe sina mkono mtulivu hivyo.

Wenzangu wakakohoa. Nikavua kofia.

“Shikamoo.”

Mashine ikamaliza kidole, ikalia tiii.

“Marahaba, kijana,” mmoja wao akatafsiri.