Pikipiki ya Marehemu Baba Mkubwa

Msinicheke sana. Mimi ni karani tu hapa Buswelu, siyo fundi, ila kwa miezi saba nilishinda uani nikifufua pikipiki ya marehemu baba mkubwa, iliyokuwa imegeuka kiota cha kuku. Vipuri ambavyo zamani tulivisikia tu, sasa vilikuwa vimejaa madukani Mirongo. Nilibadilisha pistoni, nikasafisha kabureta, na siku iliponguruma majirani walinipigia makofi. Wakaanza kuniita Fundi, nami nikavimba kichwa.

Jumapili mjane wa marehemu, mama mkubwa, alitoka kanisani akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alilipapasa tangi, machozi yakamlenga. "Nipeleke ziwani, alikokuwa akinipeleka mwenzangu."

Akapanda nyuma. Majirani wakasogea. Niliwasha injini, nikashika usukani, nikaganda.

"Mbona hatuondoki?"

"Mama," nilinong'ona, "kutengeneza nimeweza. Kuendesha sijawahi."

Majirani walinisikia, wote uani wakaangua kicheko. Yeye alishuka, akakaza kitenge chake.

"Sogea nyuma. Baba yako mkubwa alinifundisha."

Akaingiza gia, tukaondoka mbele ya mtaa mzima, Fundi nimeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.