Nyimbo za Agnes na Diski Iliyogoma

Damiani wa Mingoyo alikuwa fundi kompyuta, na tangu mkewe Agnes afariki, miezi mitatu nyuma, alikuwa fundi kompyuta tu. Kingine hakuwa. Ukimpa pole, anakujibu "asante" kama umemsogezea kiti. Msibani hakulia. Watu walimtazama usoni mpaka wakachoka wenyewe. Wengine wakasema ana roho ngumu, wengine wakasema subirini, litamshukia. Wakasubiri. Yeye siku ya nne akafungua kibanda, akaendelea kupuliza vumbi kwenye kompyuta za watu. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya ni kama umemfinya jirani.

Jumatano moja asubuhi akaingia Stefania, mdogo wake Agnes, ametoka Kilangala na debe dogo la unga wa muhogo kichwani.

"Shemeji, umekonda kama nyaya zako."

"Karibu, shemeji. Umeniletea unga?"

"Unga katwange mwenyewe." Akatumbukiza mkono ndani ya debe mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kanga, ndani ya kanga diski, ile ya kuchomeka kwa nje.

"Mnaficha diski kwenye unga?"

"Tufiche wapi mwanaume asipofika? Wewe debe la unga kwako liko wapi?"

Kweli, Damiani hakuwa na habari liko wapi.

Habari ya diski ilikuwa hivi. Agnes alikuwa kungwi, na ndiye aliyeongoza nyimbo za unyago Kilangala. Viitikio kila mwanamke anavijua, ila beti zenyewe, za Kimwera cha zamani, zilikuwa kichwani mwa Agnes peke yake. Mwaka juzi aliziimba zote mbele ya simu, wakazitia kwenye diski, wakaificha. Mambo hayo mwanaume hasikii, hata akiwa mume wa mwimbaji.

"Jumamosi wanawali wanaingia ndani," alisema Stefania. "Bila hizi beti tutaitikia hewa. Juzi tumeichomeka kwenye kompyuta ya Getrude, ikafunguka, ikakwama. Tukachomoa, tukachomeka. Tukachomoa, tukachomeka. Getrude akaizaba kofi."

"Ikasemaje?"

"Ikalia tik, tik. Sasa shemeji, sharti unalijua."

"Nisisikilize."

"Hata neno moja."

"Sina haja," alisema Damiani. Alivyolisema neno hilo, Stefania akamtazama vibaya.

Fundi akafuta unga kwa brashi, akachomeka. Sasa, kwenye kompyuta kuna programu inaitwa draiva, na kazi yake ni utarishi. Inapokea amri, "soma pale," inaipeleka kwa diski, inarudi na jibu. Diski iliyo nzima hujibu kabla hujapepesa jicho. Hii, kila ikifika palipoumia, inakaa kimya au inarudisha amri imekatwa. Na draiva ni mbishi kuliko mdai. Inangoja nusu dakika, inauliza tena, inauliza tena, ikichoka inaiwasha diski upya. Hapo amri zote zilizokuwa foleni nyuma, hata zisizo na kosa, zinafutwa na kuanza moja. Na kila kuwashwa upya ni tik, tik nyingine, kichwa cha kusomea kinazidi kukwangua. Kwa kung'ang'ania hivyo, tarishi anammaliza mgonjwa.

Damiani akaingia kwenye mipangilio ya draiva, akaitia adabu. Foleni akaivunja: amri moja, jibu moja, ndipo nyingine. Kungoja, sekunde mbili basi. Ikikataliwa isirudie wala isiwashe upya. Iandike mahali pale kwenye orodha, iruke, isonge mbele. Ila kwanza ihakikishe diski imeiachia kweli ile amri iliyokatwa, maana jibu lililochelewa likikaa kwenye nafasi ya swali jingine, utapata ubeti wa katikati mwanzoni. Palipokataa patarudiwa mwishoni, kama diski itakuwa hai.

"Sasa mbona umekaa tu?" aliuliza Stefania.

"Ndiyo kazi."

"Kazi nzuri. Hata mimi naitaka."

Kufika adhuhuri diski ilikuwa imesomwa yote na kunakiliwa kwenye ya Damiani, sehemu kumi na nne zimekataa. Akazirudia, moja moja, taratibu. Tisa zikakubali. Kwenye ya kumi ikalia tik, tik, tik, kwa muda mrefu, halafu kimya.

"Imekufa," alisema Damiani, sauti ile ile aliyosemea "ndiyo kazi".

Stefania akashika mdomo. "Na dada?"

"Yuko huku, kwenye diski yangu. Amepungua vipande vitano, vidogo. Vimeangukia wapi, mimi siwezi kujua. Sikiliza wewe."

Akampa vya masikioni, akageuza kiti, akatazama ukuta. Nyuma yake alisikia kisigino cha Stefania kikigonga sakafu, mara taratibu, mara mbio. Akasikia analia. Akasikia anacheka. Yeye akahesabu misumari iliyoshika bati la dirisha, akapata kumi na tisa.

"Beti zipo," alisema Stefania hatimaye. "Palipokatika, panne ni kwenye viitikio, tutaziba wenyewe. Pa tano..." Akasita. "Geuka, shemeji. Hapa haimbi, alisahau kuzima simu. Hii si ya unyago. Hii unaruhusiwa."

Akamtia kimoja sikioni.

"We Stefania!" Ni Agnes, mzima kabisa, koo limekauka kwa kuimba. "Uji gani huu una madonge? Nimekwambia koroga usiache! Haya, mwekee Damiani, yeye hana ulimi, atakunywa. Yule mwanaume, nikwambieni..."

Kimya. Sekunde kama nne hivi, hamna kitu. Kisha ngoma ikaanza, na Stefania akakichomoa kile cha masikioni haraka, kama sharti linavyotaka.

"Alisema nini hapo?" aliuliza Damiani.

"Sikumbuki."

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, shemeji. Tulicheka sana. Ila alichosema, nikikwambia nitakuwa nakudanganya."

Damiani akatikisa kichwa kukubali. Akanakili nyimbo kwenye flashi mbili, akamwambia moja ikae kwa mtu mwingine, na zote zikae mbali na unga.

"Ile ya uji niachie."

"Ni yako."

Akaikata kwa kufuata dakika alizoonyeshwa, bila kuisikiliza, akaiandika jina: uji.

Jumamosi wanawali wakaingia ndani na Kilangala ikaimba beti zote. Damiani alikuwa Mingoyo, anatengeneza printa. Faili ile hajaifungua mpaka leo. Akibadilisha kompyuta, anaihamisha yeye mwenyewe, ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na anangoja mpaka aone imefika.