Usingizi wa Mwalimu Andrea

Moshi wa majani mabichi hunirudisha utotoni kabla sijajiandaa. Jirani akichoma vichaka ambavyo havijakauka, harufu ile nzito, yenye uchungu kidogo kooni, ikinifikia tu, naacha nilichoshika. Hivyo ndivyo kijiji chetu kilivyonuka mwaka nilioanza kufundishwa dini. Serikali ilikuwa imeamuru pori lifyekwe ili mbung'o wakose kivuli. Wanaume wakafyeka na kuchoma, mvua ikaja, vichaka vikachipua upya, na mbung'o wakabaki wanatuuma kama kawaida. Inzi yule akikuuma unaruka, hata uwe unasali.

Ilikuwa miaka ya thelathini. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Nkome na Geita, na baba yangu alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akatuacha na mama na mtama uliotafunwa na nzige. Mama hakuwa amebatizwa, wala hakuwa na haja ya kubatizwa. Alinipeleka mafundisho kwa sababu, alisema, afadhali nikae chini ya paa la kanisa kuliko kuzurura porini. Nilikwenda na Sundi, mtoto wa pekee wa jirani yetu, msichana wa rika langu mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Kanisa letu lilikuwa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi. Padre alikuja mara chache sana. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa katekista, Mwalimu Andrea, Msumbwa mrefu mwembamba aliyefiwa na mke akaishi peke yake nyuma ya kanisa. Alfajiri aligonga jembe bovu lililoning'inia mtini, nasi tukaja mbio na umande miguuni.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele, amina!" tuliitikia.

Nyumbani tulisema Kisukuma tu, kwa hiyo katekisimu ya Kiswahili tuliimeza kama dawa, bila kuitafuna. Sundi alinong'ona siku moja kwamba haelewi kwa nini kila tukimaliza sala tunamwita Amina, binti wa yule mfanyabiashara Mwislamu wa Nkome, naye hata siku moja hajaja. Mwalimu alimsikia. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na tangu siku hiyo nikampenda.

Lakini jambo moja halikumchekesha kamwe, nalo ni kusinzia. Alitusimulia jinsi Bwana Yesu alivyosali bustanini akitokwa jasho la damu, na rafiki zake wakashindwa kukesha naye hata saa moja. Alipofika hapo sauti yake ilishuka, akatutazama mmoja mmoja. "Shetani hana haja ya kukupiga," alisema. "Anakulaza tu." Aliyesinzia alisimamishwa mbele mpaka mwisho wa somo. Mimi nilisimamishwa mara nyingi.

Basi fikirieni hofu yetu siku aliposinzia yeye.

Alikuwa anatufundisha amri za Mungu. Alifika ya nne, akanyamaza, na kidevu kikashuka kifuani. Tulidhani anasali. Kisha mate yakaanza kumtoka. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alipozinduka aliendelea na amri ya saba, nasi tukamfuata kimya, tukiogopa kumwambia zimebaki nyuma mbili.

Ikawa hivyo tena na tena. Alikonda. Mikono ilimtetemeka akiwasha mshumaa. Akawa na hasira za ghafla, halafu anatuomba radhi, mtu mzima akituomba radhi sisi watoto. Akifundisha, mkono wake mmoja ulikuwa daima nyuma ya shingo, ukipapasa papasa pale chini ya masikio. Tulimwiga tukiwa njiani kurudi nyumbani, tukitembea na mikono shingoni, tukicheka.

Sundi alikuwa amelimaliza jambo akilini mwake. "Shetani amemkalia machoni," aliniambia.

Asubuhi moja Mwalimu aliniita nikae karibu kabisa na kiti chake. Aliinama, akasema kwa Kisukuma, ambacho hakukitumia kanisani, "Kabula, ukiona nasinzia, nifinye."

Nilitazama chini. Mtoto hamgusi mkubwa hivyo.

"Nifinye kwa nguvu. Usinionee huruma. Padre anakuja Pasaka kuwabatiza, na hamjamaliza sakramenti."

Nikamfinya. Mwanzoni niligusa tu. Baadaye ikabidi nitumie kucha, maana ngozi ilikuwa kama haisikii. Mkono wake wa kushoto ulijaa alama zangu, nyingine zikitoa damu. Akizinduka alisema, "Asante, mwanangu," kisha akauliza tulikuwa wapi, nasi sote kwa pamoja tukamtajia. Ilifika mahali sisi ndio tuliokuwa tunasema somo, yeye akitikisa kichwa.

Katikati ya Kwaresima walikuja watu wa dawa wa serikali. Kijiji kizima kilipangwa mstari uwanjani, wakatushika shingo mmoja mmoja wakitafuta matezi yaliyovimba. Aliyekutwa nayo alipelekwa kambi ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, mbali, na wengi waliokwenda huko hatukuwaona tena. Siku hiyo Mwalimu Andrea hakuwepo. Alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kumsalia mgonjwa ng'ambo ya mto. Sisi tulipita salama, mimi na Sundi na mama zetu.

Halafu Sundi akaanza kuumwa kichwa. Akawa na homa inayokuja na kuondoka. Siku moja nilimkuta amelala juu ya mchi, ameuegemea ukiwa ndani ya kinu, na kuku wanakula mtama pembeni yake. Nilimfinya. Alifungua macho, akanitazama kama mgeni.

Jumatatu iliyofuata jembe halikugongwa. Tulimkuta Mwalimu sakafuni kanisani, mlango wazi, inzi usoni. Nilipiga magoti nikamfinya mkono, nikamfinya shavu, nikaita. Watoto wakaanza kulia. Mama ndiye aliyekuja kuniondoa, akaniambia, "Mwache, mwanangu. Huyo si wa kufinywa tena." Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba kwenda kambini. Nyuma yao alitembea mama yake Sundi na mwanawe mgongoni, miguu mirefu ikining'inia, maana Sundi alishapita umri wa kubebwa.

Padre alikuja kwa Pasaka kama alivyoahidi. Alituuliza maswali mmoja mmoja na hatukukosea. Alifurahi sana. Akatuambia Mwalimu wetu amefariki kambini, na Sundi pia, kisha akatumwagia maji. Nikawa Maria. Mama alisimama nje, mlangoni, akiwa amejifunika mdomo kwa kitenge.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, mganga mmoja wa zahanati aliponieleza ugonjwa ule. Mbung'o akimnyonya mgonjwa, alisema, anampelekea ugonjwa mwenzake aliyekaa karibu. Na mwenye ugonjwa mara nyingi huyasikia matezi shingoni kwa vidole vyake mwenyewe. Nilimwomba arudie. Nilirudi nyumbani nikakaa uani, na chakula kikaungua jikoni nikiwa naisikia harufu yake. Ng'ambo ya mto hapakuwa na mgonjwa. Mwalimu alikaa kwa ajili yetu, atumalizie mafundisho, kwa kuwa aliyekwenda kambini alikuwa haonekani tena. Na sisi tukakaa miguuni pake, Sundi na mimi, kila asubuhi, pamoja na inzi.

Mama yake Sundi aliishi miaka mingi. Hakukanyaga kanisa. Nilikwenda kumtazama alipokuwa mgonjwa, na baada ya salamu akaniuliza bila kugeuza uso, "Yule mwalimu wenu. Alijua?"

"Alijua, mayu," nilisema. Hivyo ndivyo tumwitavyo mama.

Hapo akanigeukia.

"Kule kambini alitambaa mpaka kwenye mkeka wetu," alisema. "Mwanangu alikuwa anakata roho. Akammwagia maji ya kunywa kichwani, akasema maneno yenu. Halafu akalia, akashika miguu yangu akalia. Nilimwona mtu mwema, nikamfuta machozi kwa nguo yangu." Alivuta blanketi. "Sikujua analilia nini."

Nilimuuliza kama nimwombee Mwalimu pamoja naye, pale pale.

"Mwombee wewe," alisema. "Mimi bado."

Alifariki kabla ya mavuno. Mimi namwombea Mwalimu Andrea mpaka leo, maana yote ninayoyajua juu ya Mungu niliyapata kwake. Lakini katika sala hiyo namtaja Sundi kwanza.