Pipa Lililovaa Koti la Baba

Kuna sauti ambayo mpaka leo sijaizoea, ingawa naishi nayo nyumba moja. Ni ile ya pombe inayochemka yenyewe bila moto: bwi, bwi, kimya kidogo, halafu bwi. Hapa kwangu Gasenyi nina ndoo tano: ya ndizi, ya mtama, ya ulezi, na mbili za majaribio ambazo mume wangu huzikwepa kwa adabu. Nina kipimajoto, nina daftari. Lakini nikibaki peke yangu na sauti hiyo, mwili hunisisimka.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa Buterere, mimi na mama tu. Baba alikuwa amefariki kwa homa, mwaka mmoja kasoro siku chache. Ilibaki kuganduka, yaani kuondoa matanga, na kwetu matanga hayaondoki bila pombe. Kabla ukoo haujanywa, marehemu bado ni mtu wa nyumbani. Wakishakunywa, basi, ameagwa.

Mama alisifika kwa pombe ya mtama. Aliuloweka mtama, akauotesha chini ya majani ya migomba, akauanika na kuusaga ukawa kimea. Safari hii aliongeza ujuzi: nusu ya kimea alikikaanga kidogo ili pombe ipate rangi. Lakini mvua zilileta baridi, na pombe ikipata baridi hulala, haichemki. Akalizungushia pipa la pombe mikeka, na juu ya mikeka akalivika koti zito la baba, lile alilokuwa akilivaa kwenda gereji siku za mvua. Akafunga vifungo vyote.

Mchana mama alikuwa kwenye mpunga. Niliingia chumbani nikaliona koti limesimama konani, limejaa, na ndani yake kitu kinapumua. Harufu ilikuwa ya baba hasa: jasho, oili na pombe. Sikuogopa.

"Papa, uko umo ndani?"

Pumzi ikajibu.

Siku ya tatu pumzi zilipungua, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimemwona mama akitia kimea pipani, sauti ikaamka. Basi nikafungua gunia la kimea, nikatia konzi moja. Akapumua. Kesho yake nikatia mbili. Nikawa namlisha kila mchana, kisha nafuta unga sakafuni kwa gauni langu, nikijiona mjanja kweli.

Siku ya wageni ilifika na pipa bado linatoa povu. Kaka yake baba, ndiye aliyepaswa kuonja kwanza, alivuta mrija, uso ukamkunjamana, akamgeukia mama.

"Mama Aline, hii pombe bado. Mi siwezi kupatia watu hii."

"Ni makosa yangu, shemeji. Mi sikupima muzuri."

"We? Mutu anapika pombe kama we? Sema tu autaki kumuacha aende."

Wageni waliondoka na kiu yao, na matanga yakaahirishwa. Kwa miezi wanawake wa ukoo walisema mikono ya mama imeharibika, na hakuna aliyemwagiza pombe. Mimi siku ile niliyasikia yote nyuma ya mlango, na kosa langu sikulikiri. Aibu ile nilikua nayo.

Mwaka juzi nilifanya jaribio. Pipa la ukubwa ule ule, kimea kile kile, konzi za mkono wa binti yangu wa miaka minane. Kila nilipotia, povu lilidumu robo saa. Nikarudia mara tatu, robo saa. Lakini pipa la mama lilipumua siku tisa. Nikaliandika hilo daftarini, na chini yake nikaandika: nyumba ile tulikuwa wawili tu.

Mama sasa ni mzee, tunakaa naye. Nilimwuliza, naye hakukana.

"Mi nilikuwa natia kimea asubui, mbele ya kwenda mu mpunga," alisema. "Nilikuwa naona unga mu vidole vyako. Nikasema, kumbe mutoto naye anamusikia."

Nililia kama siku ya mazishi. Miaka yote niliamini nimemwaibisha mama, kumbe kila mmoja wetu alimficha mwenzake huku tukimzuia mtu yule yule asiondoke. Na pale mbele ya ukoo, aliposema hakupima vizuri, alisema uongo mtupu. Alipima kila asubuhi.