Karatasi ya Mfukoni

Mtaani walimwita Bi Gundi, naye alicheka tu. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi cherehani kwa miaka thelathini, ila tangu azike binti yake wa pekee, mikono ilimtetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nesi wa zahanati ndiye aliyemwambia, "Mama, okota makaratasi yaliyotupwa, kata, bandika, tengeneza picha yoyote. Usiulize itasaidia nini." Alidhani anataniwa. Lakini wee! Mifuko ya saruji, kalenda kuukuu, karatasi za kufungia sabuni, alikata na kubandika, mpaka siku moja akagundua mikono imetulia. Akarudi kwenye cherehani.

Juu ya rafu lilikaa kopo la vitu vya mifukoni: funguo, vifungo, picha ndogo, hata jino la mtoto. Kilichosahauliwa mfukoni hakiguswi mpaka mwenyewe aje. Ndiyo heshima ya ufundi, na wanafunzi wake wote aliwafundisha hivyo, tena kwa ukali.

Basi jirani yake, mjane wa seremala, akaleta koti la marehemu lipunguzwe limfae mwanawe mkubwa. Mfuko wa ndani ulikuwa na karatasi ya buluu iliyokunjwa mara nne: vipimo vya mbao, na chini yake mistari michache ya penseli. Bi Gundi hakuisoma. Aliona buluu tu. Alikuwa akitengeneza picha ya binti yake amesimama dirishani, na mwezi mzima alikuwa akiitafuta rangi ya lile gauni. Watu husema shetani kampitia. Shetani gani? Mkasi aliushika mwenyewe.

Siku ya tatu jirani akaja. "Dada, hukuona karatasi kwenye lile koti? Marehemu alizoea kuniandikia vijineno akienda kazini. Cha mwisho sijakiona."

"Mfukoni? Hamkuwa na kitu, dada yangu."

Jirani akamshukuru. Akamshukuru, jamani! Hapo ndipo aibu ilipomshika. Mambo yakazidi pale nesi alipoipenda picha, akaitundika kwenye ukuta wa zahanati, wanaposubiri watu wa presha. Na jirani hupimwa presha kila Jumanne.

Jumatatu asubuhi Bi Gundi alikwenda kuishusha. "Mama, mbona unaiondoa? Watu wanaipenda!" nesi akalalamika. Aliibana kwapani akatoka; uso wenyewe angeuweka wapi? Nyumbani akalilowesha gauni kwa maji ya uvuguvugu, akabandua vipande vya buluu kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, mpaka binti yake akabaki kichwa na mikono. Alilia huku akibandua. Kisha akavipanga kwenye ubao, na maneno yakasomeka: *Chai nimeiacha kwenye chupa. Usinyanyue ndoo, mgongo wako huo. Nitarudi mapema.* Jina halikuwepo. Lilikwenda na vipande alivyofagia.

Akaubeba ubao mpaka kwa jirani, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Karatasi ilikuwepo," alisema. "Niliikata mimi, nikakudanganya mimi. Jina lake nililifagia."

Jirani akasoma, kidole kikifuata kila neno. Akarudia tena tangu mwanzo, mpaka Bi Gundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Jina lake nalijua," akasema mwishowe. "Mwandiko ndio nilioutaka." Akapangusa macho. "Ila ungeniomba, dada. Kwa ajili ya binti yako, ningekupa nusu."

Bi Gundi akamwachia ubao, akarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye jirani akaja na suruali ya mwanawe iliyochanika goti. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, hata wakacheka kidogo. Kabla ya kuikabidhi, jirani akaigeuza mifuko nje, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kumtazama usoni. Bi Gundi akaipokea suruali, mifuko ikining'inia, akasema asante.